Ulionewa shuleni, umeshakua, mbona bado inauma?

Kuna watu wazima kabisa, wana kazi zao, wana familia, wengine wana vyeo, ila akipita mahali kundi la watu likaangua kicheko nyuma yake lazima ajikague, ashike kola, aangalie zipu, apapase mgongo kama kuna karatasi imebandikwa. Kicheko chenyewe wala hakimhusu, watu wanacheka video ya kwenye simu. Ukimuuliza mbona umeshtuka anakwambia hamna kitu, na wala hakudanganyi, mara nyingi mwenyewe hajui, maana aliyebandikwa karatasi mgongoni alikuwa mtoto wa darasa la tano na hayo mambo yameshapita miaka na miaka.

Hilo ndo nataka tulichambue, kwa nini uonevu wa shuleni unaishia shuleni kwa baadhi ya watu na kwa wengine unahamia nao mpaka ofisini, mpaka kwenye ndoa. Na kabla hujaniambia "huo si utoto tu" au ile nyingine maarufu, "mbona sisi tulipitia na tumetoka freshi", subiri kwanza, hiyo ya pili ntairudia maana ndo inayonikera zaidi.

Tuanze na utani, kwa sababu sisi ni watu wa utani na ndo mlango ambao uonevu huwa unajificha nyuma yake. Mchaga na Mpare watataniana mpaka msibani, mtani anaweza kukuvurugia hata shughuli ya mazishi na hamna wa kukasirika. Ila utani una sheria yake ambayo kila mtu anaijua bila kufundishwa, kwamba ukinitania na mi nakutania, leo unaniita mbahili kesho nakuita mpenda hela, ngoma droo. Sasa mtoto anayeitwa "zeruzeru" darasani, au mwenye kigugumizi ambaye kila akisimama kusoma darasa zima linamuigiza, yeye anamtania nani? Hana zamu. Siku akijaribu kurudisha ndo anapigwa kabisa. Kitu cha upande mmoja, kinachojirudia, na mwenye nguvu anajua fika kwamba kinauma, hicho sio utani hata kama watu wote wanacheka, na hata kama anayefanyiwa naye anacheka, kwa sababu kucheka nao ni njia mojawapo ya kuomba wapunguze.

Hayo mambo matatu, nia ya kuumiza, kujirudia na nguvu zisizolingana, ndo aliyoyasimamia Dan Olweus, mwanasaikolojia mzaliwa wa Sweden aliyefanya kazi miaka mingi Norway na ambaye alianza kulichunguza hili suala kisayansi tangu miaka ya 1970 wakati dunia nzima ilikuwa inaliona la kitoto. Norway yenyewe ilishtuka mwishoni mwa 1982 pale vijana watatu walipojiua na uonevu wa wenzao ukaonekana ndo chanzo, serikali ikaanzisha kampeni ya nchi nzima mwaka 1983. Yaani ilibidi watoto wafe kwanza.

Sasa tuje kwenye swali lenyewe, linabaki kweli au watu wanajiendekeza?

Kuna utafiti mmoja wa Uingereza ambao mi huwa naupenda kwa sababu unaziba midomo. Watoto waliozaliwa wiki moja ya mwaka 1958 kule Uingereza, Scotland na Wales walifuatiliwa maisha yao yote. Walipokuwa na miaka 7 na walipofika 11 wazazi wao waliulizwa kama mtoto anaonewa na wenzake. Asilimia 28 walikuwa wanaonewa mara mojamoja na asilimia 15 mara kwa mara. Halafu watafiti wakaendelea nao hadi walipofika miaka 50, watu zaidi ya elfu saba, na matokeo yakatoka 2014. Wale walioonewa mara kwa mara walikuwa na sonona zaidi, wasiwasi zaidi, mawazo ya kujiua zaidi, na walipofika 50 walikuwa na uwezekano mdogo wa kuwa na mwenza au mtu wa kumkimbilia wakiugua, na hata kuridhika na maisha kulikuwa chini. Watafiti walishaondoa mambo mengine kama umaskini wa nyumbani na akili ya darasani na bado tofauti ikabaki.

Cheki kitu kimoja hapo. Hawakuulizwa wakiwa na miaka 50 "hivi ulionewa utotoni?" Wangeulizwa hivyo mtu angesema hawa wanakumbuka vibaya, mwenye sonona kila kitu cha zamani anakiona cheusi. Waliulizwa wazazi, wakati ule ule, mtoto akiwa bado na kaptula. Kwa hiyo ile hoja ya "unakuza mambo" inakuwa ngumu kusimama.

Na 2015 ukatoka utafiti mwingine uliounganisha watoto wa Uingereza na wa Marekani, ukaonyesha kwamba walioonewa na watoto wenzao walifika utu uzima wakiwa na hali mbaya zaidi ya akili kuliko hata wale walioteswa na watu wazima peke yake. Sisemi kumpiga mtoto nyumbani ni sawa, hapana. Nasema tumezoea kudhani cha mkubwa ndo kinaumiza na cha mtoto mwenzake ni mchezo, kumbe kwa mtoto wa miaka kumi, wenzake ndo dunia.

Haya, kinachobaki ni nini hasa? Wengi wanafikiri ni kumbukumbu, kwamba mtu anakaa anawaza siku aliyopigwa nyuma ya choo cha shule. Wapo wanaowaza hivyo ila wengi wameshasahau hata majina. Kinachobaki ni kanuni. Mtoto anayeonewa kila siku anajifunza haraka kuliko hesabu, anajifunza kwamba ukinyoosha mkono darasani unajitangaza, ukivaa kiatu kipya kitakanyagwa, ukilia umewapa stori ya wiki nzima, mtu akikuchangamkia ghafla jua kuna kitu nyuma yake, na mwalimu ukimwambia ataita watu wote mbele aulize "nani kamfanyia fulani" halafu jioni utajuta kuzaliwa. Na hizo kanuni zilikuwa sahihi! Zilimsaidia kufika darasa la saba akiwa mzima. Shida ni kwamba hamna siku mtu alikuja kumwambia sasa basi, zimeisha muda wake. Wahenga walishasema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na ubaya wa maisha ya mtu mzima ni kwamba ung'ongo uko kila mahali, kuna bosi anayekwambia "nikuone kidogo" bila kusema kuna nini, kuna meseji iliyosomwa ikakaa bila jibu, kuna wafanyakazi wenzako wawili wanaonong'ona ukiingia wananyamaza kumbe wanapanga kukununulia keki.

Ndo maana unamkuta mtu ana akili nyingi ila kwenye kikao hasemi, anasubiri kikao kiishe amfuate mtu mmoja korido amwambie wazo lake, na huyo mtu mmoja ndo anapandishwa cheo kwa wazo hilo. Unamkuta mwingine hawezi kukataa kitu, ukimwomba hela anatoa ambayo hana, ukimwomba lifti anazunguka mji mzima, watu wanasema ana roho nzuri, na kweli anayo, ila nusu yake ni hofu ya kukuudhi. Mwingine ni kinyume, mkali, haguswi, utani mdogo tu anawaka mpaka watu wanajiuliza huyu vipi. Na yule anayejituma kupita kiasi, ana digrii juu ya digrii, bado anahisi kuna siku watagundua hamna kitu, huyo hatumdhanii kabisa maana kafanikiwa. Kwenye mapenzi ndo usiseme, mwenza akisema "tunahitaji kuongea" mtu kashapanga nguo kwenye begi kichwani, kashaachwa kabla hajaachwa.

Mwili nao unaingia humo humo. Kuna homoni inaitwa kotisoli ambayo mwili unaimwaga ukikumbana na presha, ndo inayokuandaa. Watafiti wa Uingereza walichukua mapacha wa kufanana kabisa, mmoja anaonewa shuleni mwingine haonewi, wakawaweka kwenye jaribio la kuwapa presha kidogo. Yule asiyeonewa kotisoli ikapanda kama inavyotakiwa, yule anayeonewa ikagoma kupanda vizuri. Vinasaba vile vile, nyumba ile ile, wazazi wale wale. Na 2003 jaribio jingine la Marekani liliweka watu kwenye mashine ya kupiga picha ubongo huku wanacheza mchezo wa kurushiana mpira kwenye kompyuta, ghafla wachezaji wengine wakaacha kumrushia, basi ubongo ukawaka sehemu inayohusika pia na maumivu ya mwili. Mpira wa kwenye kompyuta jamani, tena na watu asiowajua! Sasa mtoto anayetengwa kombolela miaka mitatu.

Kingine ambacho kikiniingia kichwani huwa nakasirika. 2014 walipima damu za vijana ambao utotoni walijulikana nani alionewa na nani alionea, wakaangalia protini inaitwa CRP ambayo hupanda mwili ukiwa na inflamesheni, yaani ule uvimbe wa ndani kwa ndani unaohusishwa na magonjwa ya moyo. Walioonewa ilikuwa juu zaidi. Walioonea wenzao ilikuwa chini kuliko hata ya watoto ambao hawakuhusika kabisa. Kwa lugha nyepesi ubabe uliwalinda. Ukisikia mtu anakwambia muonevu naye huwa anateseka moyoni, mwambie sio wote.

Kwetu huku kuna kitu kinaongeza uzito, nacho ni bweni. Mtoto wa shule ya kutwa akionewa, saa kumi anaondoka, anapita zake kwa muuza mihogo, anafika nyumbani, kuna bibi, kuna dada, kuna mahali yeye ni mtu. Wa bweni analala nao. Bwenini kwetu kulikuwa na dogo wa form one alikuwa anakojoa kitandani, na kila mtu aliyesoma bweni anajua hukumu yake, asubuhi godoro kichwani, unapita nalo katikati ya mabweni wakati watu wanapiga mswaki bombani, unaenda kulianika pale wazi karibu na uwanja, jioni unalirudisha tena njia ile ile, wanakuimbia kwenda na kurudi. Yule dogo alifika mahali akawa halali. Anakaa kitandani kajiegemeza ukutani, shuka mabegani, macho makavu, darasani anasinzia, mwalimu anamchapa kwa kusinzia. Sasa hivi ni jibaba, anafanya kazi ya kusafirisha mizigo, na madereva wenzie wanamlalamikia kwamba anaringa, hataki kuchangia chumba gesti, bora alale kwenye gari. Hawajui, na yeye hawezi kuwaambia.

Kuna utafiti wa mapacha uliotoka 2010, familia zaidi ya elfu moja za Uingereza na Wales, uliuliza kwa nini watoto wawili wanaonewa sawasawa ila mmoja anaharibika na mwingine anaendelea. Jibu lilikuwa nyumbani. Mama mwenye upendo wa kuonekana, ndugu wanaoelewana, nyumba yenye utulivu, hivyo vilipunguza makali. Ukishajua hivyo ndo unaona bweni linafanya nini, linamtenga mtoto na dawa halafu linamlaza na ugonjwa, kwa miezi mitatu mitatu, tena zamani bila simu. Sipingi shule za bweni, wengi zimewasaidia, hasa mabinti ambao nyumbani kwao wangeolewa mapema. Ila tuache kujifanya kwamba mtoto akishapanda basi na tranka lake na ndoo basi yuko salama.

Sasa ile ya "sisi tulipitia na tumetoka freshi". Bweni lina mnyororo. Mwaka huu wewe ni njuka, yaani mgeni wa form one, Wakenya wanaita mono, unafuliwa akili, unafulishwa nguo za watu, unawachotea kaka zako maji, unaamshwa usiku uimbe, unanyang'anywa blubendi yako na sukari. Unaambiwa vumilia, mwakani na wewe. Na mwakani unafika na unawafanyia wengine, na ndo inavyoonekana haki imetendeka. Huu mpangilio hata sio wetu, shule za bweni za matajiri wa Uingereza zilikuwa na utaratibu rasmi kabisa wa wadogo kuwatumikia wakubwa, kung'arisha viatu na kuchemsha chai, viranja wakiwa na ruhusa ya kuadhibu, na wamisionari na wakoloni wakaja na mfumo wa viranja kwenye shule walizojenga huku. Wenyewe walishauacha, sisi bado tunaulinda kama mila ya babu.

Sasa mwaka 2013 watafiti wa Marekani waliofuatilia watoto 1,420 wa North Carolina mpaka wakawa watu wazima walitoa majibu, na walioharibika zaidi hawakuwa walioonewa tu wala walioonea tu. Walikuwa wale waliopitia vyote viwili, walioonewa na wao wakaonea. Sonona, mashambulio ya hofu ya ghafla, na kwa wanaume mawazo ya kujiua. Yaani kundi lile lile linalotengenezwa na mnyororo wa mabweni yetu, na ndo kundi linaloongoza kusema limetoka freshi. Mtu anakwambia katoka freshi huku akikusimulia kwa kicheko jinsi alivyomlazimisha dogo kula sabuni, huku nyumbani kwake watoto wakisikia geti linafunguliwa wanazima tivii na kukimbilia chumbani. Freshi gani hiyo?

Ila nisije nikamtisha mtu. Sio kila aliyeonewa ameharibika, wengi kabisa wanapona, na sayansi inasema hivyo pia. Kuna utafiti mkubwa wa mapacha zaidi ya elfu kumi na moja uliotoka 2017 ambao uliangalia mpaka watoto walipofika miaka 16, ukagundua kwamba wasiwasi uliosababishwa moja kwa moja na uonevu ulikuwa unapungua kadri miaka inavyoenda, baada ya miaka mitano ulikuwa umeshafifia. Kati ya vilivyobaki kidogo ni mawazo ya kushuku watu, kuhisi watu wana nia mbaya na wewe. Mi naona hiyo inaendana kabisa na habari ya kanuni, hofu inaisha, kushuku kunabaki. Pia ina maana sehemu ya mzigo mtu alionao inatoka kwingine, kwenye vinasaba au nyumbani, kwa hiyo usirundike kila kitu kwa yule jamaa aliyekuwa anakupora hela ya kula.

Mtu afanyeje basi? Cha kwanza ni kukisema, hata kwa mtu mmoja, maana wengi tumefika umri huu hatujawahi kumwambia hata mke au mume. Unashangaa kitu kinavyopungua ukubwa kikishatoka mdomoni. Ukiona kinakuzidi, hulali, hula, au unawaza kujidhuru, tafuta mtaalamu, hospitali za mikoa na rufaa nyingi zina kitengo cha afya ya akili, na najua ukisema unaenda huko kuna mtu atakuuliza kama umeshafika Mirembe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili, Mkenya ataulizwa kama katoka Mathari, mwache acheke. Tena sio lazima awe daktari bingwa. Zimbabwe kuna mradi wa benchi la urafiki ulioanzishwa Harare na Dokta Dixon Chibanda mwaka 2006, bibi wa mtaani wanapewa mafunzo wanakaa na mtu kwenye benchi nje ya kliniki wanamsaidia kuchambua tatizo moja moja, na 2016 ilithibitishwa kwa utafiti wa kitaalamu kwamba waliokaa kwenye benchi dalili zao zilipungua zaidi kuliko waliopata huduma ya kawaida. Bibi, benchi na muda wa kusikiliza.

Cha pili ni kuzipima zile kanuni, moja moja, kwa vitu vidogo. Kama kanuni yako inasema ukiongea watacheka, kwenye kikao kijacho uliza swali moja tu, fupi, halafu angalia kinachotokea. Mara nyingi hakitokei kitu, mtu anajibu swali mnaendelea. Wanasaikolojia wanalipwa ada kufundisha hiki kitu na kinafanya kazi, ila taratibu, usianze kwa kuhutubia harusi.

Kuhusu kusamehe, watu wana haraka sana na hili. Kuna siku mtaingizwa kwenye grupu la WhatsApp la mliosoma pamoja, utamkuta na yeye yumo, anatuma emoji za kucheka na picha za zamani, "mnakumbuka tulivyokuwa tunamfanyia fulani", fulani ndo wewe. Huna deni la kucheka. Unaweza kumwandikia pembeni ukamwambia ile iliniumiza, wapo wanaoomba radhi kwa dhati na inasaidia kweli, wapo watakaokwambia hata hawakumbuki, jiandae kwa yote. Na unaweza kujitoa kwenye grupu usiku usiage mtu.

Kama una mtoto anasoma, hasa wa bweni, akirudi likizo usimuulize tu shule inaendaje, atakwambia vizuri, wote wanasema vizuri. Muulize akienda kula anakaa na nani. Wakitoka prepo anatembea na nani mpaka bwenini. Nani anamwazima daftari akiumwa. Akikosa jina hata moja, au majina yote ni ya walimu, funga safari, nenda ukaongee na patroni au matroni kwa utulivu, usimtaje mtoto mbele ya wenzie, na urudi tena wiki chache baadaye kuangalia. Shule ikikwambia watazoeana na mtoto anazidi kunyong'onyea, namba ya msaada kwa watoto ni 116, Tanzania na Kenya ni hiyo hiyo na kupiga ni bure, anaweza kupiga yeye au ukapiga wewe.